Nilivyomfuata Sudi Kwenye Mkuza wa Gesi

Nilisafiri kwa sababu mdogo wangu alinipigia simu akaniambia, "Kaka, wamesema nije na mzazi."

Sudi hana mzazi mwingine. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla udongo wa kaburi la baba haujashikana vizuri, na mie nikaacha shule nikiwa darasa la sita ili wadogo zangu wawili, Sudi na Rehema, wapate kula. Tangu hapo palipotakiwa mzazi, iwe shuleni, zahanati au kwa mjumbe, nilikwenda mie. Sasa Sudi ni mtu mzima. Anachomelea mageti huko mbele ya Mbagala, upande wa pili kabisa wa jiji, na bado alipobanwa aliniita mie.

Shauri lenyewe alinieleza kwa kifupi. Karakana yake imekaa kwenye ukingo wa mkuza, yaani ule ukanda wazi ambao chini yake limepita bomba kubwa la gesi asilia. Wakaguzi wa serikali waliona kinga ya kutu ya bomba imeshuka sehemu ile. Wakafuatilia zile nguzo za kupimia bomba, moja baada ya nyingine, mpaka wakakuta waya wake umefungwa kwenye moja ya nguzo hizo. Sasa watafukua bomba waone limeliwa kiasi gani. Likionekana limeliwa sana, Sudi atafikishwa mahakamani. Likionekana bado zima, mambo yatazungumzwa mbele ya mjumbe na mtu wa kumdhamini, ndiyo maana akatakiwa mzazi.

"Ulifunga waya kwenye bomba la gesi?" nilimwuliza.

"Si kwenye bomba, kaka. Kwenye nguzo."

"Na hiyo nguzo imeshikana na nini huko chini?"

Akaniuliza nitafika lini.

Niliogopa, na chini ya woga palikuwa na kitu kingine, kama furaha inayoona haya. Niliwaza: wakimfungia karakana, atarudi nyumbani. Sudi aliondoka kwenda kujitafutia, kama watu wanavyoondoka, bila ugomvi wala maneno. Akaahidi Idd, Idd ikapita. Akaahidi nyingine. Nyumba yetu ya Kunduchi ilikuwa na mluzi wake asubuhi akijimwagia maji uani, na tangu aondoke uani pananyamaza mpaka jua linapanda. Rehema naye huwa anasita akipita karibu na mlango wa chumba cha kaka yake, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Asubuhi ya safari nilipita kwanza kazini. Ninafanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni. Kazi yangu ni kukwangua kutu na kupaka rangi mageti, nguzo za taa na ngazi za bwawa. Hewa ya chumvi haina subira. Geti ukilipaka leo, baada ya muda mfupi linaanza kutoa machozi ya kahawia kwenye maungio. Msimamizi wangu nilikuwa nimekwisha mwuliza kama kuna nafasi ya mtu wa kuchomelea, naye akasema ipo, niende naye huyo ndugu yangu tukirudi. Basi niliondoka Kunduchi nikiwa na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, visheti vya Rehema, na kazi ya Sudi mfukoni kama zawadi ambayo yeye hakuijua.

Kabla jua halijakaza nilikuwa Tandale. Nilitaka mchele, kwa kuwa sikuona vizuri kumfikia mwenye nyumba wa Sudi na samaki peke yake. Sokoni vijana wa kubeba mizigo walikuwa wakipita na magunia wakipiga kelele za "nyuma, nyuma," na muuza mchele mmoja akanishika mkono.

"Braza, huu ukiupika, jirani anakuja na sahani yake bila kuitwa."

"Mie sitaki jirani aje."

"Basi chukua ule pale. Ule hata wewe mwenyewe utasusa."

Nikachukua wa kwanza. Nilipokuwa nasubiri afunge nilitazama magunia ya nazi upande wa pili. Mama alikuwa akituleta soko hili tulipokuwa wadogo, na siku moja Sudi alitupotea hapa. Tulizunguka soko zima tukamkuta amelala juu ya nazi, na mwenye nazi amemfunika kanga. Mama hakumchapa. Alikaa chini palepale kwenye matope akamkumbatia, na mie nikasimama kando nikiwa nimeshika kikapu. Naikumbuka harufu ya nazi ile, na muuza mchele ilibidi aniite mara mbili nichukue mzigo wangu.

Adhuhuri nilishuka Keko. Sudi alijifunza ufundi hapa, kwa Mbaraka, mtengeneza vitanda na makabati ambaye karakana yake iko kando kabisa ya barabara, vumbi la mbao likiingia mpaka kwenye chai. Mbaraka ni rika langu. Nilipita kumsalimia na kumpa habari.

"Mtu wa pwani umeleta samaki," akasema hata kabla sijakaa.

"Samaki wa Sudi hao."

"Sudi alinikimbia mie akafuata vyuma. Nilimwambia mbao haipigi shoti. Si nilimwambia?" Akawageukia wenzake, wakaitikia kwamba alimwambia.

Nilipomweleza kilichotokea aliweka randa chini. Akauliza maswali, akatikisa kichwa, kisha akanitazama kwa namna ambayo haikunipendeza.

"Sasa wewe unakwenda huko unataka nini? Ashinde au ashindwe?"

"Nataka arudi nyumbani."

"Hilo sikukuuliza."

Nilimwambia chai yake ina vumbi, nikaondoka.

Alasiri nikafika. Ukishapita Mbagala nyumba zinaanza kuachana, mihogo inaonekana kati ya ukuta na ukuta, halafu ghafla unakuta ukanda mpana usio na nyumba wala mti, umenyooka kama umekatwa kwa kamba. Huo ndio mkuza. Kila baada ya mwendo fulani kuna nguzo fupi ya zege yenye maandishi ya kukataza kuchimba. Watoto walikuwa wakicheza mpira katikati. Kwenye ukingo palikuwa na kibanda cha mabati, mbele yake imesimamishwa fremu ya geti, na ndani yake mtu mwembamba amekaa bila kufanya kazi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Kila siku salamu yako hiyo hiyo."

Tukakumbatiana. Mikono yake ina alama za cheche kuanzia kiwiko, na alikuwa na harufu ya chuma kilichoungua. Sikumwachia haraka.

Mwenye nyumba wake, Bi Mwanahawa, alitoka na mkeka. Ni mama wa makamo, sauti yake inasikika nyumba tatu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanipima kwa macho.

"Ndiye huyu mzazi? Mie nilijua mzee mwenye mvi."

"Nilianza ulezi mapema, mama."

"Naona. Hata ndevu hazijakubaliana."

Alipokwenda na mchele wangu jikoni, Sudi alinionyesha nguzo. Ilikuwa nyuma ya kibanda, na juu yake kisanduku kidogo cha chuma kisicho na kufuli. Ndani yake nyaya mbili zilikuwa zikitoka chini ardhini. Moja yake alikuwa ameiunganisha na waya wake aliouzika mpaka kwenye mashine.

"Mashine ilikuwa inanipiga shoti, kaka. Mara nyingine inanitupa chini kabisa. Fundi umeme akaniambia sina ethi ya kupeleka shoti ardhini, nitafute chuma kilichoingia sana ardhini nifunge waya. Mie nikakiona hiki."

"Ukakiona."

"Si kimeingia sana?"

 Kwa kweli kilikuwa kimeingia sana.

Tuliporudi mbele ndipo nikalitazama lile geti. Vyuma vyembamba alikuwa amevipinda na kuvipishanisha, kimoja juu kimoja chini, mpaka vikafanya ua. Nikaweka kidole juu yake, nikafuata mpito wake, na kidole kikajua kinakokwenda kabla yangu. Lilikuwa ua la ukili wa mama. Mama alikuwa akisuka mikeka, na ua hili lilikuwa lake, hakumfundisha mtu. Mkeka wake wa mwisho ulilika chini ya miili yetu mpaka tukautupa. Nimewahi kuwauliza wasukaji wa Kunduchi nzima kama wanaweza kunisukia hili ua, nikashindwa hata kuwaeleza likoje.

"Umelitoa wapi?"

"Sijui. Nilikuwaga nakaa miguuni pake akisuka. Siku moja napinda chuma, mkono ukalifanya wenyewe." Akacheka kidogo. "Watu wanaliita geti la mkeka. Wanatoka mpaka Chamazi kuliulizia."

Jioni hiyo tulikula wali na samaki. Niliitaka sana ile nafasi ya kumwambia kazi ya hotelini inamngoja. Nilifungua mdomo zaidi ya mara moja, nikaishia kuomba ndimu.

Asubuhi walikuja na magari mawili. La kwanza lilimleta mkaguzi wa serikali, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya buti na mtandio, ambaye wote walimwita Injinia. La pili lilileta watu wa kampuni inayoendesha bomba, wakiongozwa na fundi wao mmoja, Masanja, pamoja na vibarua wenye majembe. Mjumbe wa mtaa ule naye alikuwepo. Majirani walikusanyika upande wa pili wa mkuza.

Injinia hakuanza na Sudi. Alikwenda kwenye nguzo, akafungua kile kisanduku kwa kidole kimoja, akakifunga, akakifungua tena.

"Masanja, kufuli iko wapi?"

"Itakuwa wameiba, mama."

"Mara ya mwisho mmepima nguzo hii lini?"

"Kulikuwa na mvua, mama. Njia hazipitiki."

"Mvua imenyesha mwaka mzima? Mihogo ya hawa mbona imekauka?"

Majirani wakacheka. Masanja akatazama viatu vyake. Injinia akamwambia kwa upole uleule kwamba kampuni yake itaandikiwa kabla ya mtu yeyote mwingine, kwa kuwa kulinda bomba dhidi ya kutu ni sharti la leseni yao, na sharti hilo halijamtaja Sudi popote.

Kisha akapima. Kibarua alimwaga maji ardhini, udongo ukalowana. Injinia akasimamisha juu yake mrija wa kupimia wenye maji ya buluu ya mrututu, ile chumvi ya shaba, akaunganisha waya mmoja kwenye mrija na mwingine kwenye nguzo, akatazama kijimashine mkononi. Akamwita Sudi asogee, na mie nikasogea naye.

"Bomba tumelivika koti," akasema. "Lakini hakuna koti lisilo na tundu. Kwa hiyo tunalipatia umeme kidogo sana, saa zote, ili penye tundu kutu isiingie. Wewe ulipofunga waya wako, umeme ule ukawa unakimbilia kwenye mabati yako na vyuma vyako vilivyozikwa hapa. Chakula cha bomba ukala wewe. Na ukichomelea, umeme wako ukipita kwenye bomba, pale unapotokea kurudi ardhini unaondoka na chuma."

"Sikujua, mama," Sudi akasema.

"Najua hukujua. Bomba halijui kama hukujua."

Akamwambia Masanja akate waya. Baada ya kukatwa na kusubiri kidogo walipima tena, na namba ikaanza kupanda. Niliona uso wa Injinia ukilegea. Lakini akasema lazima wafukue, maana namba inasema la leo tu, haisemi chuma kimepoteza nini siku zote zilizopita.

Walichimba kwa majembe na mwishowe kwa mikono, wasije wakalichubua. Ile ilikuwa saa ndefu. Kijana mmoja kati ya majirani akasema wakigonga tu mtaa mzima unalipuka.

"Lipuka wewe," Bi Mwanahawa akamjibu. "Mie nina maharage jikoni."

Sudi alikuwa amechuchumaa kando yangu. Mikono alikuwa ameibana kati ya magoti. Ndipo lile swali la Mbaraka likanirudia, na safari hii sikuweza kuondoka. Niliomba kimoyomoyo bomba liwe zima. Niliomba kwa nguvu, na nilijua nikiomba hivyo naombea pia uani petu paendelee kunyamaza.

Bomba lilionekana likiwa na koti la manjano. Upande mmoja koti lilikuwa limevimba kama ngozi iliyoungua. Walipolikata na kusugua, chuma kilikuwa na vishimo vidogo, kama alama za ndui. Injinia alishuka shimoni mwenyewe, akalala karibu kifudifudi, akapima kishimo kimoja kimoja kwa kifaa chembamba.  Hata wale watoto wa mpira walikuwa wamesimama.

Akainuka, magoti yake yamejaa udongo mwekundu.

"Kutu imeanza," akasema. "Haijafika pabaya. Watasafisha, watavika koti jipya, na hawatafukia mpaka nimeona."

Sudi alishusha pumzi iliyotoka mbali. Mie nikamshika begani.

Maamuzi aliyatamka palepale, mbele ya mjumbe. Kampuni itie kufuli kwenye nguzo zote za upande huu, izipime zote, na yeye atarudi kuzipima kwa mkono wake. Sudi aondoe kibanda na kila chuma alichozika ndani ya mkuza. Mahakamani hapelekwi, ila akirudia hatasamehewa. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye mzazi wake. Nitakuja kumkagua, na lazima nijue nitamkuta wapi. Atahamishia kazi nje ya mkuza hapa hapa, au unarudi naye kwenu?"

Kwa kweli nilikuwa nimelisafiria swali hilo jiji zima. Nikamtazama Sudi. Alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya zamani ninapoamua nani atabaki na nani atakwenda kuchota maji.

"Ukisema twende, kaka, nitakuja," akasema taratibu. Na ninamjua, angekuja. Angekusanya vyombo vyake leo hiyo hiyo, na kesho mluzi ungesikika uani.

Bi Mwanahawa hakungoja kuulizwa. "Pale mbele kwangu, upande wa barabara, pako wazi. Nilikuwa nataka kulima mchicha, lakini mchicha gani utaota na kelele hizi."

Macho yangu yalikuwa kwenye lile geti. Nikamwambia Injinia, "Atabaki hapa. Utamkuta kwa huyu mama."

Sauti yangu ilitoka sawasawa. Sudi aliinua kichwa akanitazama.

Mchana wote tulihamisha. Tuling'oa nguzo za kibanda, tukabeba mabati, tukabeba geti sisi wawili, yeye mbele mie nyuma. Masanja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwelekeza jinsi ya kutengeneza ethi yake mwenyewe. Tukachimba shimo refu kando ya ukuta wa Bi Mwanahawa, tukasimamisha fimbo ya shaba, tukashindilia mkaa na chumvi kwa zamu, tukamwagia maji. Mie ambaye chumvi ni adui yangu wa kila siku, nilikuwa nikiimwaga kwa makoleo. Fundi umeme alipomaliza kuunganisha, Sudi aliweka kiganja juu ya mashine, akakiacha hapo.

"Haing'ati," akasema.

Niliondoka kabla ya magharibi. Sudi alinisindikiza mpaka kituoni, amenibebea mfuko ambao haukuwa na kitu. Tulizungumza habari za Rehema, za bei ya vyuma, za jirani yetu aliyeoa tena. Basi lilipokuja alinishika mkono, akaubana.

"Nilidhani utanichukua, kaka."

"Na mie nilidhani hivyo."

Njia ya kurudi sikushuka popote. Keko ilipita, Mbaraka alikuwa amekwisha funika mbao zake. Kesho yake nilimwambia msimamizi wangu kwamba ndugu yangu haji, ana kazi yake, na akauliza kama nina hakika, maana nafasi kama hizo hazirudi. Nikasema nina hakika.

Huko kwa Sudi nimejifunza mambo ya mabomba ambayo sikuyajua. Kumbe chuma kilichofukiwa vizuri, chenye koti, bado kinahitaji mtu wa kupita mara kwa mara, alowanishe udongo, apime, na akikuta kimepungukiwa asingoje mvua iishe. Sheria ile inamwadhibu kwanza aliyepaswa kupita na hakupita. Nililifikiria hilo sana nikiwa juu ya ngazi na kikwangua changu. Mie nilikaa Kunduchi nikihesabu Idd ambazo Sudi hakuja, na kumbe barabara ya Mbagala inakwenda pande zote mbili.

Rehema alipoulizia, nilimweleza kila kitu, pamoja na ua la mkeka. Aliposikia hilo akaniuliza siku gani nitakuwa na nafasi ya kumpeleka akalione. Nikamwambia Jumapili. Akaanza kukanda unga wa visheti, na siku hiyo ilikuwa bado Alhamisi.